Wasifu wa Mwalimu Sumaili Zakari, Anayezikwa na Mtani Wake

Kwa jina la Mungu, Mwingi wa rehema. Ndugu wa familia, majirani wa Kamalondo, watu wa msikiti na watu wa parokia, walimu wa chuo cha Kasapa, na ninyi watoto wa Shule Bwacha mliofika na uniform zenu katika baridi hii: karibuni kwenye kilio cha nyumba ya Zakari.

Tangu jana kuna swali linalozunguka uani hapa kama kuku asiye na mwenyewe. Watu wanaulizana kwa sauti ya chini: "Ule mwanaume wa musalaba mu shingo, mwenye kuchimba kaburi ya Muislamu, ni nani? Nani alimutuma?" Wanaoulizwa wanainua mabega. Basi sikilizeni, maana jibu liko ndani ya maisha ya marehemu mwenyewe, na haliwezi kusemwa kwa neno moja. Walimu wa Kasapa walileta wasifu wao wa Kifaransa, mzuri, wenye vyeo vyote, nao umechapwa upande wa pili wa karatasi hii. Upande huu ni maneno ya kambo yake, yaani bibi yake mzaa baba, Mama Ramla, aliyempokea siku aliyozaliwa. Watu walitaka kuurekebisha. Haukurekebishwa.

Marehemu Sumaili Zakari alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Aprili 1983, hapa hapa Kamalondo, katika chumba kinachotazama mtaroni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi Zakari, mshonaji ambaye wengi wenu mlivaa kanzu na suruali zake, na Mama Sofia. Alipewa jina la babu yake, mzee Sumaili, aliyetoka Kasongo ya Maniema na cherehani kichwani. Mzee huyo alikuwa amekwisha kufariki. Kwa hiyo tangu siku ile kambo yake alikuwa na bwana tena nyumbani, na bwana huyo alimkojolea kitenge kipya kabla jua halijazama. Ndivyo utani wa kambo na mjukuu ulivyo kwetu. Mpaka juzi alikuwa akimwita "bwana yangu," naye akimjibu, "Muke wangu, leo umepika nini?"

Hajatimiza mwaka, mikono na miguu yake ilivimba kama maandazi. Mtoto alilia hata sauti ikakauka. Hospitalini walipima damu wakasema ni SS, ugonjwa wa selimundu. Daktari, kijana mwenye huruma, alimwambia Mama Sofia kwamba watoto wa damu hiyo ni wachache wanaofika miaka ishirini. Mama Sofia alimfunga mtoto mgongoni. Kambo alimsogelea daktari. Alisema, "Dokteri, bwana yangu ya kwanza nilimuzika mimi. Huyu wa pili njo atanizika mimi." Mungu alipanga vingine, na mipango yake haipigiwi kelele. Lakini ile ishirini ya daktari Sumaili aliifikia, akaipita, akaizidisha mara mbili na akabakiza.

Alianza masomo ya primaire mwaka 1990, karibu na nyumbani. Kichwa chake kilikuwa chepesi, mwili ndio ulikuwa mzito kuubeba. Kila msimu wa baridi alilala nyumbani, mifupa ikimuuma kama inapasuliwa kuni. Akirudi darasani alikuwa na macho ya manjano, miguu kama fito, na tumbo lililotangulia mbele yake. Watoto wana macho, na walikuwa hawajafundishwa la kufanya na walichokiona.

Mwaka 1995, akiwa darasa la tano, kulikuwa na mtoto mmoja aitwaye Liévin. Kwao walikuwa Wakatoliki, babu yake alishuka kutoka kaskazini kufanya kazi ya reli. Liévin alikuwa na nguvu, alikuwa na sauti, na watoto wote walimfuata. Kila asubuhi alisimama kwenye mlango wa shule. Akimwona Sumaili anakuja polepole, alipiga kelele: "Bantu batoke mu njia! Maiti inapita!" Watoto walijipanga pande mbili, wakavua kofia, wakaimba wimbo wa kilio. Sumaili alipita katikati yao akitazama viatu vyake.

Kwanza alianza kuzunguka njia ya mbali. Halafu akawa anaumwa tumbo siku ambazo tumbo halikuwa na kitu. Halafu siku moja alikaa juu ya kitanda, akavua viatu na kusema, "Sirudie tena." Baba yake alitaka kumpeleka kwa fimbo. Mama yake alitaka kwenda kwa mwalimu mkuu. Kambo yake alijifunga kitenge cha sikukuu, akamshika mkono na kumpeleka moja kwa moja kwa akina Liévin, Jumapili, saa ya chakula.

Mama yake Liévin alipoona ugeni ule mlangoni alijua ni ugomvi. Alifuta kiti kwa haraka.

"Iko wapi ule mutoto mwenye kuita mujukuu yangu maiti?" Kambo aliuliza.

"Kambo, utusamehe. Baba yake atamupiga leo leo."

"Hapana mumupige. Nilikuya kumushukuru."

"Kumushukuru juu ya nini?"

"Kwetu, muntu mwenye kukutukana na jina ya kifo, bila kuogopa, ule ni mutani yako. Na mutani njo anazikaka. Njo anachimbaka shimo, njo anachekeshaka benye kulia. Miaka yote mi niko nawaza: huyu mutoto na damu yake, siku ikifika, nani atamuzika? Sasa nimepata. Nimeshukuru sana."

Liévin alikuwa amejificha nyuma ya pazia. Alitoka mwenyewe, macho yamemtoka. "Kambo, mi sijue kuchimba."

"Utajifunza. Na kazi ya mutani haianze siku ya kufa. Akigonjwa, njo weye utamubeba. Asipokuya ku masomo, njo weye utakuya kuuliza yuko wapi. Mwenye kumupiga, atakupiga weye kwanza. Na yeye iko na ruhusa ya kukutania vile anapenda, na weye haukasirike. Kama kazi ni ya mingi, achana na ile jina."

Mtoto aliinamisha kichwa. Angeweza kusema anaiacha. Alisema, "Haiko ya mingi."

Ndipo kambo alipomgeukia mjukuu wake. "Haya, bwana yangu. Mulipe jina yake."

Sumaili alimgeukia Liévin. Alikitazama kile kichwa kikubwa, chenye pembe kama kimetoka kwenye tanuri. Kisha alisema polepole: "Tofali."

Baba yake Liévin alicheka mpaka ugali wa bukari ukampandia puani. Siku ile watoto wawili walikula sahani moja, bukari na samaki, na hakuna aliyepigwa.

Haukuwa muujiza, kesho yake Liévin alisema tena "Maiti." Lakini Sumaili alijibu "Tofali," na watoto wakacheka zaidi upande wa pili, na yeyote mwingine aliyejaribu kumwita Sumaili maiti aliulizwa na Liévin mwenyewe: "Weye utamuzika? Hapana? Basi funga kinywa." Baridi ilipokuja na mifupa ikaanza, Liévin alimbeba mgongoni kutoka shuleni mpaka hapa, akilalamika njia nzima ili majirani wasikie: "Maiti ya mifupa tupu, lakini iko nzito sawa jiwe!" Na yule wa mgongoni, machozi yanamtoka kwa maumivu, alicheka.

Sekondari ilimchukua miaka zaidi kuliko wenzake kwa sababu ya hospitali, lakini hakuna mwaka alioanguka kwa kukosa akili. Alipata diplôme d'État ya kumaliza sekondari mwaka 2004. Liévin yeye aliacha kalamu mapema akafuata uashi, na zile nyumba nyingi mpya za Ruashi zenye kuta zilizonyooka, mnapozipita, jueni ni mkono wake. Kichwa kilitabiri kazi, ndivyo Sumaili alivyokuwa akisema.

Baba yake alitaka asome biashara. Sumaili alikwenda Kasapa akajiandikisha saikolojia na elimu. Fundi Zakari alimuuliza, "Hii kazi inashona nini?" Mtoto akajibu, "Baba, inashona bantu." Mzee hakuridhika, lakini alimshonea suti ya kuingia nayo chuoni, na aliishi mpaka akamwona anamaliza licence, shahada yake, mwaka 2011. Alifariki mwaka uliofuata, Mungu amrehemu.

Sumaili alibaki Kasapa kufundisha kama assistant, baadaye akapanda cheo kuwa chef de travaux, na ndiyo maana wengi hapa mnamwita C.T. Utafiti wake ulikuwa juu ya watoto wanaoonewa na wenzao shuleni. Wengine walimwambia hiyo si kazi ya chuo, watoto wanataniana tangu dunia iumbwe. Aliwajibu kwamba anajua, na kwamba yeye anatafuta mahali ambapo utani unakufa na uonevu unazaliwa.

Alifanya kazi hiyo Shule Bwacha, kule Ruashi, kwa miaka minane. Asidhani mtu kwamba alifika na majibu mfukoni. Mwanzo alipeleka tableti zilizotolewa na wafadhili. Kila mtoto aliyeonewa alikuwa abonyeze uso mwekundu, jina lisionekane. Baada ya wiki mbili C.T. alifungua kuona, akakuta shule nzima imebonyeza uso mwekundu juu ya mwalimu wa hesabu. Yule mwalimu yuko hapa leo, na amekwisha kucheka zamani.

Kisha alikumbuka sahani ile ya bukari, akasema atawapa watoto wote watani. Hapo akakosea kama msomi. Alikata vikaratasi, akaandika majina, kila mtu achague kwenye kofia, walimu nao. Directeur, Bwana Ngosa, aliingiza mkono akatoa Victorine, msichana wa darasa la sita. Akabadilika rangi. Victorine ni jina la mama mkwe wake, na kwao jina ni mtu. Msichana wa watu alikuwa hajui lolote, akasema, "Directeur, tumbo yenu ni sawa ngoma!" Directeur alirudi kinyumenyume mpaka nje, ameinamisha macho, na kwa wiki nzima alipokutana na mtoto yule kwenye veranda alimpisha akitazama ukuta. Shule ilikufa kwa kicheko. C.T. alikuja Kamalondo jioni amekunja uso.

Kambo alimuuliza, "Liévin alikuchagua mu kofia?"

"Hapana."

"Alikutukana?"

"Ndiyo."

"Sasa?"

Mjukuu alielewa. Mtani haokotwi. Ni yule aliyekwisha kukutupia neno. Kuanzia hapo C.T. aliweka desturi moja tu Bwacha. Mtoto akimpa mwenzake jina baya, hachapwi wala hafukuzwi. Anasimamishwa mbele ya darasa, anaambiwa: umejifanya mtani, pokea kazi yako. Mwenzako akiumwa, utabeba mfuko wake. Asipokuja, utakwenda kwao kumuuliza. Kukiwa na kilio kwao, utachota maji. Naye atakurudishia jina, na wewe hutakasirika. Asiyetaka kazi, alirudishe neno lake mbele ya wote. Wengi walilirudisha. Waliobaki walijifunza.

Mfano mmoja unatosha. Msichana aitwaye Princesse, ambaye baba yake ana malori, alikuwa akimwita mwenzake Gaëlle "Kavumbi," kwa kuwa baba yake Gaëlle ni mchimbaji na nguo zao zilikuwa nyekundu kwa vumbi la mgodi. Gaëlle aliacha shule. Princesse alipewa utani, akachukia, lakini alikuwa na kiburi, hakulirudisha neno. Akaenda kwao Gaëlle na dereva. Mama yake Gaëlle alimpa maji ya kunywa. Gaëlle alimwita "Madame Lori," wakarudi wote wawili. Mwaka uliofuata shimo lilimwangukia baba yake Gaëlle. Princesse alikaa kwenye kilio kile siku zote, akichota maji bombani na kuyabeba kichwani, yeye ambaye kwao maji yanafuata kidole. Wasichana hao wako nyuma pale, wamekaa mkeka mmoja. Msiwageukie, wataona haya.

Kuhusu ndoa: Jumamosi tarehe 17 Agosti 2013 marehemu alimwoa Nafisa, binti wa mfanyabiashara wa samaki wakavu wa Pweto. Kabla ya kuuliza habari ya mahari, Sumaili alimwambia ukweli wa damu yake na kumwomba apime ya kwake. Wengine huogopa kuomba, wakazaa watoto wa kulia usiku na mchana. Nafisa alipima, akaleta majibu mazuri, akayaweka mezani mbele ya wakwe na kusema, "Damu yangu iko safi. Sasa muangalie kama tabia yake iko safi." Liévin ndiye aliyesimama siku ya harusi kumtangaza bwana harusi: "Munamuona huyu maiti? Bibi-harusi amekuwa mujane mbele ya wakati!" Wazee wa Pweto walishtuka, halafu wakaelewa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Zakari na Ramla mdogo, wenye macho meupe kama maziwa.

Jumamosi tarehe 17 Februari 2024 alitetea thèse yake ya udaktari. Ukumbi ulijaa. Mzee mmoja wa jury iliyomtahini alimuuliza kwa upole kama ana shahidi kwamba jambo hili linadumu baada ya shule, watoto wakishakuwa watu wazima. C.T. aligeuka akaangalia viti vya nyuma. "Tofali, simama." Liévin alisimama na suti ya kuazima iliyombana mabega. Mzee wa jury akauliza yeye ni nani. "Mimi njo nilimuita maiti," alisema, "na niko nangojea kumuzika tangu miaka makumi mbili na nane, lakini hataki kufa." Ukumbi ulicheka, na jury nayo. Alipewa daraja la juu, grande distinction, na kambo yake alipiga vigelegele, hata walipomwomba anyamaze.

Baridi ya mwaka huu ilikuja mapema. Mwishoni mwa Mei mifupa ilianza, na safari hii ikashika kifua. Alilazwa tarehe 3 Juni. Nafisa hakutoka ubavuni pake. Liévin alifika kila jioni na vumbi la sementi kwenye nyusi, akasimama mlangoni kusema, "Maiti, unanichelewesha kazi." Jumatano jioni Sumaili aliondoa oksijeni puani ili ajibu vizuri. Alisema, "Tofali, uchimbe murefu, miguu yangu ni ya murefu. Na usichimbe sawa ile fosse ya choo ya jirani yetu Mama Régine, ilianguka." Liévin akasema, "Ile ilianguka juu ya mvua." Marehemu akasema, "Kila siku ni mvua." Walicheka. Nafisa alimrudishia oksijeni. Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, alfajiri, wakati adhana inaanza, bila kupigana. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Sasa mnajua yule wa msalaba ni nani. Jana mchana baba mdogo wa marehemu, Mzee Shafi, alisema kaburi la Mwislamu lichimbwe na Waislamu, akaleta vijana wake na majembe. Ni neno la mtu anayempenda mtoto wa kaka yake, hakuna atakayemlaumu. Walipofika makaburini walimkuta Liévin ndani ya shimo lililokwisha kumfika kifuani. Mzee Shafi alimwambia atoke. Liévin hakutoka, wala hakujibu vibaya. Alisema tu, "Baba mudogo, niliagizwa." Sheikh aliulizwa, akasema kuchimba hakuna ubaya, ndugu ndio watakaomweka, na kila mwenye upendo anaweza kutupa udongo. Lakini Mzee Shafi alirudi nyumbani bila kusema ndiyo.

Kambo hakubishana naye. Sumaili alikuwa akisema siku zote hofu yake haikuwa kufa. Hofu yake ilikuwa kwamba siku hiyo watu wazima watavunja walichokijenga watoto wawili mezani. Ndiyo sababu wasifu huu uliandikwa jana ile ile, Mzee Shafi akausoma kwanza usiku, na haya ya leo yameongezwa asubuhi hii. Leo baada ya swala ya alfajiri alikwenda makaburini peke yake. Alilitazama lile shimo, kuta zake zimenyooka kama za nyumba, mwanandani umekatwa kuelekea kibla, maana fundi alikuwa ameuliza kwa sheikh mapema. Alirudi, akauliza jambo moja tu: "Ule mutoto alikula?" Kisha alimpelekea bukari mwenyewe, kwa mikono yake, na wakala sahani moja kwenye ukingo wa kaburi.

Marehemu ameacha kambo yake Ramla, mama yake Sofia, mkewe Nafisa, watoto wake Zakari na Ramla mdogo, baba yake mdogo Shafi na ndugu wote wa Kasongo na Pweto, wanafunzi wake wa Kasapa, watoto wa Bwacha ambao desturi yao Directeur Ngosa ameahidi mbele ya kilio hiki haitaondolewa, na mtani mmoja.

Baada ya swala ya Ijumaa tutamsindikiza. Liévin atatupa udongo wa kwanza, na kabla ya kuutupa atasema neno lake la mtani, kwa sauti, kama alivyolisema mlangoni mwa shule. Asiwepo wa kumnyamazisha. Atakayetaka kulia, alie. Atakayetaka kucheka, marehemu atamjua.

Sisi ni wa Mungu na kwake tunarejea. Pumzika kwa amani, bwana yangu mdogo. Ni shimo refu, miguu yako itaenea.